KOBE HALII NJAA



Ndugu wanafunzi na wasomaji wapendwa wa jarida letu, mbuzi akishinda njaa hulia mpaka jirani akasikia. Kuku akikosa pumba huingia jikoni bila ya hodi. Paka hujipitisha miguuni mwa watu mpaka atupiwe kichwa cha samaki. Kobe hafanyi lolote katika haya. Huingiza kichwa chake gambani akanyamaza, nasi tukamtazama tukasema, "Kobe wetu ametulia, hana matatizo."

Maoni yangu ni kwamba kimya hicho ndicho kinachotudanganya. Hapa Bungu, kila mvua za masika zinaponyesha na kobe wadogo wanapotoka ardhini, watoto huwaokota chini ya mikorosho na kandokando ya madimbwi, wakawapeleka nyumbani ndani ya ndoo au boksi. Wengi wa kobe hao hawauawi na mbwa wala kunguru. Huuawa na mapenzi yetu, kwa kulishwa kisichokuwa chakula chao na kuwekwa mahali pasipowafaa. Kwa kuwa wanakufa polepole, hakuna anayejihisi kuwa na makosa.

MLISHE AU MWACHE

Wengi wetu tumekwisha kusikia darasani hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka. Tuzingatie vizuri kosa lake lilikuwa lipi. Hakumpiga paka yule wala hakumchinja. Alimfungia, kisha hakumlisha, wala hakumwachia akajitafutia wadudu wa ardhini. Basi mbele yake palikuwa na njia mbili zote za halali, kumlisha au kumwacha, naye akaacha zote mbili.

Hapa pana kipimo kwa kila mwenye kobe ndani ya ndoo. Kobe aliyeko porini anajua majani yake, anajua wapi pa kunywa na wapi pa kujificha jua likiwa kali. Siku uliyomwokota ulimkata na riziki yake yote, na deni hilo likahamia shingoni mwako. Halilipwi kwa kumtupia tonge la ugali unapomkumbuka.

Aidha, dini yetu haikukataza mtoto kuwa na mnyama wa kufurahi naye. Sote tunamjua Abu Umayr, ndugu yake Anas bin Malik (R.A.), aliyekuwa na ndege mdogo, na Mtume (S.A.W.) akawa anamuulizia habari za ndege wake. Wanazuoni wamechukua katika kisa hicho kuwa inajuzu kufuga kiumbe kama yule, kwa sharti la kumtunza na kutomtesa. Kwa hiyo sisemi kwamba kufuga ni haramu. Ninasema kwamba sharti lile tumelisahau.

KOBE SI WA AINA MOJA

Kabla ya kuuliza kobe anakula nini, yapasa tuulize huyu ni kobe gani. Mtazame miguu, utamjua.

Akiwa na miguu minene iliyosimama kama ya tembo, huyo ni kobe wa nchi kavu. Hajui kuogelea, na ukimtumbukiza mtoni huzama. Wapo wanaomhurumia kobe wakasema, "Tumrudishe majini kwao," wakamtupa katika maji mengi. Hapo wamemuua hali ya kuwa wanadhani wamemwokoa.

Akiwa na vidole vyenye utando na kucha, na gamba bapa, huyo ni kobe wa maji, yule wa madimbwini na mabondeni kwenye mpunga. Kobe wa maji wa kwetu hakirudishi kichwa nyuma moja kwa moja, bali hukikunja shingo pembeni na kukilaza chini ya ukingo wa gamba. Ukimshika hutoa harufu mbaya, na hiyo ndiyo silaha yake.

Akiwa hana miguu bali ana mapezi kama makasia, huyo ni kasa, mwenyeji wa bahari. Habari zake nitazieleza mbele.

KOBE WA NCHI KAVU ANAKULA NINI?

Tukipita majumbani tutakuta kobe analishwa wali, ugali, mkate, na wakati mwingine maziwa. Mwenye kulisha huona kobe anakula, akadhani anafaidika. Lakini kula si kushiba, na kushiba si kupata afya. Tumbo la kobe mla majani limeumbwa kusaga nyasi taratibu kwa siku nyingi. Wali na ugali hulichafua tumbo hilo wala haviupi mwili wake madini ya kujengea gamba. Maziwa ndiyo kabisa, kwani wanyama wa jamii ya kobe hawanyonyeshi, na tumbo la kobe haliwezi kusaga sukari ya maziwa.

Kobe mwenye gamba lililobonyea juu kama kuba na lenye madoa meusi na ya njano ni mla nyasi. Apewe majani ya nyasi mbichi, mchunga, matembele, majani ya maboga, na maua ya haibiskasi. Achanganyiwe, asipewe aina moja kila siku. Mchicha apewe mara chache, kwa sababu una kemikali inayoishika chokaa ya chakula ikatoka na kinyesi bila ya kumfaidisha. Kisamvu kibichi asipewe kabisa. Kisamvu kina sumu, na ndiyo maana mama zetu hukitwanga na kukichemsha muda mrefu kabla hakijafika mezani.

Yupo pia kobe ambaye gamba lake la nyuma, anapokuwa mkubwa, lina kama bawaba na huweza kujifunga. Huyo hali majani peke yake. Hupenda pia uyoga, matunda yaliyoanguka, konokono, jongoo na wadudu. Kipande cha embe, papai au bibo kitamfaa, lakini kisiwe ndiyo chakula chake cha kila siku.

Na chokaa? Gamba ni mfupa, na mfupa haujengwi bila ya chokaa. Kobe wa porini hutafuna hata mifupa mikavu anayoikuta njiani. Nyumbani tunaweza kuchukua ganda la yai, tukalikausha juani, tukalisaga liwe unga laini na kunyunyizia kidogo juu ya majani mara mbili au tatu kwa wiki. Hakuna gharama hapo.

Jambo moja zaidi kwa watu wa mikorosho kama sisi. Wakati wa kupulizia salfa, msikate majani ya kobe mashambani wala kandokando yake. Majani yakatwe mbali, na yaoshwe kwanza.

KOBE WA MAJI ANAKULA NINI?

Kobe wa maji, hasa akiwa mchanga, ni mla nyama. Porini hula viluwiluwi, vyura wadogo, samaki wadogo, konokono na wadudu wa majini. Nyumbani apewe nyungunyungu, panzi, au dagaa wabichi pamoja na mifupa yao, kwa maana ndani ya mifupa ndimo iliko chokaa. Dagaa wa chumvi wasitumike. Nyama ya ng'ombe peke yake haitoshi kwa kuwa haina mfupa.

Alishiwe ndani ya maji, kwani humeza vizuri kichwa chake kikiwa majini. Maji yawe na kina cha kupita upana wa gamba lake ili akipinduka aweze kujigeuza, na pawe na jiwe au gogo la kupanda akaote jua na kukauka. Mabaki ya chakula yatolewe na maji yabadilishwe kila yanapochafuka. Kobe anayekaa katika maji yaliyooza huvimba macho na huota vidonda gambani.

JUA, KIVULI NA NAFASI

Ndugu wanafunzi, unaweza kumpa kobe chakula bora kuliko vyote na bado akapinda mifupa, ikiwa hapati jua. Mwili wa kobe hutengeneza vitamini D kwa mwanga wa jua la moja kwa moja, na bila ya vitamini hiyo chokaa haiingii mifupani. Jua linalopita katika kioo cha dirisha halitoshi, kwani kioo huzuia sehemu ile ya mwanga inayohitajika. Kobe anayefichwa uvunguni mwa kitanda anaumwa hata kama anakula.

Lakini kinyume chake nacho kinaua. Kobe hana jasho la kumpooza. Ukimwacha ndani ya beseni katikati ya uwanja saa sita mchana, atakufa kwa joto kabla ya adhuhuri kuisha. Basi apate jua la asubuhi, na wakati wote awe na kivuli cha kukimbilia. Nusu ya mtungi uliopasuka, ukifunikwa chini, ni nyumba nzuri kabisa. Chakula apewe baada ya jua kumpasha moto, kwa sababu kobe mwenye baridi hasagi chakula tumboni.

Uzio wa matofali au mbao ni bora kuliko wavu, kwa kuwa akiona nje atashinda anasukuma mpaka achubuke. Ndani pawe na udongo laini wa kuchimba. Juu pafunikwe ili kunguru wasimdonoe, na siafu waangaliwe kila jioni. Maji ya kunywa yawe katika kisahani kifupi, yasipite kidevu chake, maana kobe mchanga wa nchi kavu huzama hata kwenye bakuli.

MSITOBOE GAMBA

Waswahili husema kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Kwa kobe, kamba hiyo hufungwa katika tundu lililotobolewa kwenye ukingo wa gamba lake. Wanaofanya hivyo husema gamba ni kama kucha, halina maumivu.

Si kweli. Gamba ni mfupa ulio hai, una damu na una neva, na uti wa mgongo wa kobe na mbavu zake vimeungana nalo. Kulitoboa ni sawa na kumtoboa mtu ubavu. Tundu hilo huingiza uchafu na kuoza ndani kwa ndani. Kupaka gamba rangi nako ni vibaya, kwani rangi huzuia mwanga wa jua na ndani yake mna sumu. Mwenye kuogopa kobe wake atapotea ajenge uzio, na asiyeweza kujenga uzio hana uwezo wa kufuga kobe.

AFYA ZETU WENYEWE

Kobe, hata aliye mzima kabisa, huweza kubeba bakteria wa salmonela, ambao humletea mtu homa, kuharisha na kutapika, na huwa hatari zaidi kwa watoto wadogo. Nchini Marekani watoto wengi walikuwa wakiugua kwa sababu ya vikobe vya kuchezea, mpaka mwaka 1975 serikali ikapiga marufuku kuuza kobe ambaye gamba lake halijafika kiasi cha sentimita 10. Huu si uzushi wa kutishana.

Kwa hiyo anayemshika kobe anawe mikono kwa sabuni. Beseni la kobe lisioshwe pale panapooshewa vyombo. Watoto wanaotambaa wasiachwe naye. Wala tusimbusu kobe, hata tukimpenda namna gani.

HOJA ZA WANAOTETEA

Wapo watakaosema, "Mbona kobe wa fulani ameishi mwaka mzima kwa ugali?" Jibu ni kwamba kobe hutumia nguvu kidogo sana mwilini, na anaweza kukaa wiki nyingi bila ya chakula cha maana. Mwaka mmoja kwa kiumbe anayeweza kuishi miaka 50 na zaidi si kitu. Huyo hakuishi mwaka mzima, bali alikufa kwa mwaka mzima. Tazameni alama: gamba linalobonyea badala ya kukaza kadiri anavyokua, vipande vya gamba vilivyoinuka kama vichuguu, miguu isiyoweza kuinua tumbo kutoka chini, macho yaliyovimba, mapovu puani. Alama moja kati ya hizi inatosha kujua kwamba mnyama anateseka.

Wengine watasema kobe akikaa bandani huwakinga kuku na kideri. Kideri huzuiwa kwa chanjo, ambayo maafisa mifugo wanaijua. Kobe hana uwezo huo, na kuwaweka pamoja ni kuwachanganyia maradhi wote.

Wengine, na hawa hoja yao ina uzito, watasema mtoto akifuga hujifunza huruma. Naikubali hoja hii kwa nusu. Mtoto hujifunza kile anachokizoea. Akizoea kuamka asubuhi kukata majani, kubadilisha maji na kuangalia siafu, atajifunza huruma na uaminifu. Akizoea kuona kiumbe kinanyauka ndani ya ndoo na wakubwa hawasemi neno, atajifunza kwamba asiyeweza kulia hana haki. Somo hilo la pili ni baya, na mtu hukua nalo mpaka akawa baba au kiongozi.

TUSISAHAU WALE WALIOBAKI PORINI

Kila mtoto anapookota kobe mmoja huona ni mmoja tu. Tujifunze kwa kobe wakubwa wa kisiwa cha Changuu, Zanzibar. Kobe 4 waliletwa pale kutoka Shelisheli mwaka 1919. Wakazaana, na kufikia mwaka 1955 walikuwa kiasi cha 200. Kisha watu wakawa wanawaiba mmoja mmoja, wa kuuza na wa kufuga, na ilipofika mwaka 1996 walibaki 7 tu. Ilibidi wajengewe uzio na kulindwa ndipo wakaanza kuongezeka tena. Kobe huchukua miaka mingi kufikia umri wa kutaga, na kwa hiyo wanaotoka ni wepesi kuliko wanaozaliwa.

Kobe bapa kama chapati, anayeishi kwenye miamba ya nchi kavu ya Tanzania na Kenya, naye amewindwa sana kwa ajili ya biashara ya wanyama wa kufuga nchi za nje. Mwaka 2019 mataifa yalikubaliana kumwingiza katika daraja la juu kabisa la ulinzi, linalozuia biashara ya kimataifa ya wale wanaotolewa porini. Isitoshe, Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 hairuhusu mtu kukamata mnyamapori bila ya kibali.

Na kasa? Ndugu zetu wa delta na wa Mafia wanaweza kukutana na vitoto vya kasa vikitoka mchangani kuelekea baharini. Kasa asichukuliwe hata kwa siku moja. Maji ya kisima humdhuru, na hakuna beseni linaloweza kuwa bahari. Anapotoka kiotini huwa ana akiba ndogo ya kiini cha yai kwa ajili ya safari yake ya kwanza, na ukimchelewesha unamla akiba hiyo. Kanuni za uvuvi nazo zinakataza kumkamata kasa wa umri wowote. Tangu mwaka 2001 wapo wanavijiji wa Mafia wanaoshirikiana na shirika la Sea Sense kulinda viota. Tuwaunge mkono kwa kuacha mikono yetu mbali.

NINACHOPENDEKEZA

Kwa ufupi, napendekeza haya kwa wanafunzi wa madrasa yetu na wazazi wao:

1. Kobe unayemkuta porini mwache alipo. Akiwa barabarani mvushe upande ule aliokuwa anaelekea, kisha nenda zako.

2. Tusinunue kobe kwa vijana wanaowatembeza barabarani. Kila anayenunua mmoja anamtuma muuzaji akakamate wawili.

3. Aliyemwokota kobe karibuni, na kobe akiwa mzima, amrudishe pale pale alipomtoa. Wa nchi kavu arudi kichakani, wa maji arudi dimbwini.

4. Aliyekaa na kobe muda mrefu, au ambaye kobe wake anaumwa, asimtupe ovyo. Mzazi aulize kwa afisa wanyamapori wa wilaya pale Kibiti, na wakati anasubiri jibu amlishe na kumtunza kama nilivyoeleza.

5. Walimu wetu watenge hata darasa moja kwa mwaka kusomesha haki za wanyama, na wanafunzi wakubwa wawe wa kwanza kuwakataza wadogo kutoboa magamba.

Abdullah bin Masud (R.A.) amepokea kwamba katika safari moja Maswahaba walichukua makinda ya ndege, mama yao akawa anarukaruka juu yao kwa huzuni. Mtume (S.A.W.) alipomwona aliamrisha makinda yale yarudishwe. Ndege yule alikuwa na mbawa za kuonyesha huzuni yake. Kobe hana mbawa wala sauti, na wala hatutamwona mama yake akitufuata nyuma. Basi ni juu yetu tujue njaa yake kabla hajaionyesha, na kama hatuwezi, tumwachie njia aende zake.

Wabillahi tawfiq.